Kuchonga, Kuunda, Kushona: Ramani ya Chombo na Maneno Yake katika Nyanda za Juu za Kigoma

Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi vitatu vya kutengeneza chombo cha majini. Mtumbwi huchongwa, jahazi huundwa, na mtepe, enzi za uhai wake, ulishonwa. Vitenzi hivi si visawe, kwa kuwa kila kimoja kinabeba historia ya kazi yake, zana zake na watu wake. Anayechonga huanza na gogo na kuondoa kisichohitajika. Anayeunda huanza na vipande na kuviunganisha juu ya mkuku. Anayeshona huanza na mbao zilizotobolewa na kuzifunga kwa kamba. Katika karne mbili zilizopita kumeongezeka kitu cha nne ambacho si kitenzi bali ni karatasi, yaani ramani. Mhadhara huu unachunguza safari ya karatasi hiyo katika nchi iliyo mbali na bahari lakini yenye maji mengi, ambayo ni nyanda za juu za Kigoma, hususan Kasulu na Kibondo.

Eneo hili ni kitovu cha nchi ya Waha, ambako tawala za Heru, Muhambwe na Buyungu zilikuwa na nguvu kabla ya ukoloni. Mwaka 2012 wilaya mpya za Buhigwe na Kakonko zilimegwa kutoka Kasulu na Kibondo. Mgeni anayeona vilima vyake, mashamba ya maharage na migomba yake, huenda asifikirie habari za vyombo vya majini. Hata hivyo, mto Malagarasi unazunguka nchi hii kama mkono unaokumbatia. Unaanzia kwenye vilima vya mpakani na Burundi, unashuka kuelekea kusini-mashariki, unatanda katika mabwawa makubwa ya mafunjo, kisha unageuka magharibi kupitia Uvinza hadi Ziwa Tanganyika. Mabwawa hayo, pamoja na yale ya Muyovosi, yaliorodheshwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza la Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar unaohusu ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ukubwa wake ni zaidi ya hekta milioni 3. Humo wamo kambale na perege, na mvuvi anayewafuata hana budi kuwa na chombo.

Swali linaloongoza mhadhara huu ni hili: kwa nini ramani ya chombo imepita katika nchi hii mara kadhaa tangu karne ya 19 bila kuota mizizi, ilhali maarifa yasiyoandikwa ya kuchonga na kuunda yameota? Hoja itakayojengwa ni kwamba mbao hazikukosekana wala mafundi hawakukosekana. Kilichokosekana ni maneno.

Kuchonga: mtumbwi na elimu ya jicho

Kwa Kiha chombo cha majini huitwa ubwato, na wingi wake ni amato. Neno hili ni la kale sana. Linapatikana katika Kirundi na Kinyarwanda, linasikika kama eryato katika Kiganda na kama bwato katika Kilingala. Wanaisimu wanaolinganisha lugha za Kibantu wanalihesabu kuwa miongoni mwa maneno ya lugha-mama yenyewe. Maana yake kihistoria ni nzito: wasemaji wa kale wa lugha hizi walikuwa watu wa mito kabla hawajawa watu wa vilima. Kiswahili cha kawaida, kilicholelewa ukingoni mwa bahari, kimeweka mahali pa neno hilo orodha ndefu ya majina mahususi: mtumbwi, ngalawa, dau, mashua, jahazi. Palipo na biashara nyingi ya jambo fulani, lugha huacha jina la jumla na kuanza kupambanua.

Mtumbwi wenyewe ni kazi ya shoka na tezo. Fundi huchagua mti uliosimama wima, mnene, usio na ufa wala uozo wa ndani. Mninga ni mmoja wa miti inayosifika kwa kazi hii katika misitu ya miombo. Hakuna mchoro. Vipimo ni vya mwili: wanda, shubiri, mkono na pima. Unene wa ubavu hupimwa kwa kugongagonga na kusikiliza, na usawa wa pande mbili hupimwa kwa jicho. Ramani ya mtumbwi imo katika kumbukumbu ya fundi, naye aliipata kwa kumtazama aliyemtangulia. Si bure kwamba fundi na fundisha ni maneno ya shina moja. Katika jamii zetu anayejua kazi na anayeifundisha walikuwa mtu mmoja.

Elimu hii ilikuwa na mamlaka yake ya kisiasa. Mwaka 1858, Richard Burton na John Speke walipofika Malagarasi wakielekea Ujiji, hawakuweza kuvuka mpaka walipopatana na mwenye kivuko. Burton alikuwa ameagiza mashua ya chuma ya vipande, iliyoitwa Louisa, lakini ilibidi iachwe pwani kwa uhaba wa wapagazi. Hivyo chombo cha kwanza cha ramani kilichokusudiwa kwa ziwa hili hakikufika kabisa, na wasafiri hao wawili walivuka mto na kupita ziwani kwa mitumbwi ya wenyeji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alilipa ushuru wa kivuko hapohapo Malagarasi, ambapo mamba alimkamata mmoja wa punda wake wakati wa kuvuka. Baada ya hapo alipanda katika nchi ya Waha, na huko alitozwa hongo mara kwa mara hata akaamua kutoroka usiku. Malalamiko yake yanaweza kusomwa kwa namna nyingine: mwenye njia na mwenye mtumbwi ndiye aliyekuwa na sauti.

Chombo kama mzigo

Stanley aliporudi safari ya pili alikuja na jibu la tatizo hilo. Alimwagiza James Messenger, muundaji wa mashua wa Teddington karibu na London, atengeneze mashua ya vipande vitano inayoweza kubebwa mabegani. Iliitwa Lady Alice. Urefu wake ulikuwa futi 40, upana futi 6 na kina inchi 30. Mbao zake za mwerezi wa Kihispania zilikuwa na unene wa robo tatu ya nusu inchi, yaani chini kidogo ya milimita 10. Msomaji aizingatie tarakimu hiyo ya mwisho, kwani karibu karne moja baadaye unene wa namna hiyohiyo utarudi katika ramani za boti za plaiwudi.

Lady Alice iliondoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874. Mwaka 1875 ilizunguka Ziwa Viktoria. Mwaka 1876 ilibebwa kupitia Unyamwezi na Uvinza, ikavuka Malagarasi na kufika Ujiji mwezi Mei. Kuanzia tarehe 11 Juni hadi 31 Julai mwaka huohuo ilizunguka Ziwa Tanganyika lote. Mwishowe iliachwa mwaka 1877 kwenye maporomoko ya mto Kongo.

Hapa pana jambo ambalo historia za wasafiri hulipita haraka. Watu walioibeba mashua ile waliijua kuliko mtu mwingine yeyote. Walijua uzito wa kila kipande, walijua kipi hutangulia na kipi hufuata, na walikuwa wakiifungua na kuifunga kwa mikono yao. Lakini mchoro ulikuwa wa mtu mwingine, na maneno ya mchoro yalikuwa ya lugha nyingine. Kwa mpagazi, ramani ile ilimfikia ikiwa mzigo. Mashua ilipoondoka, maarifa yaliondoka nayo.

Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 1883, pale mashua ya chuma ya Chama cha Kimisionari cha London, iliyoitwa Morning Star, ilipofika Ujiji kwa vipande chini ya uongozi wa nahodha Edward Coode Hore. Hore alikuwa baharia halisi na alikaa ziwani kwa miaka mingi. Ilhali vyombo vya wenyeji wa ziwa viliendelea kuchongwa kwa miti mikubwa ya ng'ambo ya magharibi na kuongezwa kimo kwa mbao za pembeni, vyombo vya misheni viliendelea kutoka Ulaya katika makasha.

Chombo kama amri

Kilele cha historia hii ni meli ambayo kila mkazi wa Kigoma anaifahamu. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Meli iliyoitwa Graf von Götzen ilikuwa imejengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000, kisha ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa kwa reli hadi ziwani. Mafundi watatu wa Kijerumani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walisimamia kuiunganisha upya. Iliingia majini tarehe 5 Februari 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba, jina la kale la sehemu ya kusini ya ziwa.

Nguvu iliyounganisha mabati yale haikuwa ya watu watatu. Ilikuwa ya vibarua wengi wa Kiafrika pamoja na mafundi wa Kihindi. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi na ya utawala katika koloni lile, na amri za karakana hazingeweza kupita pengine. Lakini amri si maelezo. Kusema "lete", "shika" na "gonga" kunatosha kuunganisha meli, ila hakutoshi kumwezesha anayegonga aunganishe nyingine kesho. Kumbukumbu zimehifadhi majina ya wasoma ramani watatu, na majina ya wagonga ribiti yamesahaulika. Tofauti baina ya makundi haya mawili ni tofauti ya uwezo wa kusoma mchoro, na uwezo huo hukaa ndani ya lugha.

Kuunda: msamiati uliopanda kutoka pwani

Wakati vyombo vya makasha vikija na kuondoka, kitu kingine kilikuwa kikisafiri kwa ukimya kwenye njia hiyohiyo ya misafara. Waungwana wa pwani, mafundi seremala na mabaharia waliofika Ujiji walikuja na ujuzi wa kuunda, na ujuzi huo haukuja bila maneno.

Kitenzi unda kina hadhi ya pekee. Katika kamusi za karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 maana yake ya kwanza ilihusu vyombo vya majini, yaani kuunganisha mbao zikawa jahazi. Maana ya jumla ilifuata. Leo taifa linaunda serikali, bunge linaunda kamati, na mwanaisimu anazungumzia uundaji wa maneno na muundo wa sentensi. Mhandisi naye ana miundombinu yake. Maneno yote haya yalizaliwa ufukweni, chini ya kivuli cha chombo kisichomalizika. Kwa hiyo mtu anayedai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kueleza ufundi, anatoa dai hilo katika lugha ambayo hata neno lake la muundo limetoka kwa fundi wa jahazi.

Msamiati wa kuunda ni kamili na hauna haja ya kuombewa radhi. Uti wa chombo ni mkuku. Mbavu ni mataruma. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Kuziba nafasi baina ya mbao ni kutia kalafati, neno lililozunguka bandari za Bahari ya Kati na za Bahari ya Hindi. Katika Ziwa Tanganyika pamba hulowekwa katika mawese kwa kazi hiyohiyo, na hivyo zao la Kigoma likachukua nafasi ya mafuta ya papa bila neno kubadilika. Kuna pia hanamu, ambayo ni makutano ya mbao za omo yanayokata maji, na kwa kupanuka maana, mkato wowote wa mshazari. Fundi huambiwa akate ubao hanamu, naye huelewa mara moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 ziwa lilipata aina mpya ya uvuvi, ambapo vyombo viwili hufungwa pamoja kwa miti na wavu mkubwa hushushwa katikati chini ya mwanga wa karabai kunasa dagaa. Mabadiliko hayo yalihitaji vyombo vya mbao vilivyo vingi, imara na vya kufanana. Mafundi wa ziwani waliviunda, nao waliviunda kwa jicho. Anayetembelea ufuko wa Kibirizi huona boti ndefu za mbao zikiinuka bila karatasi hata moja pembeni. Ufundi huu uliota mizizi kwa sababu kila kiungo kilikuwa na jina, na mwanafunzi alipokosea aliweza kusahihishwa kwa neno.

Ramani kama kitabu

Neno ramani nalo lina asili ya majini. Mabaharia wa Ghuba na Bahari ya Arabu walikuwa na vitabu vya uongozaji, vyenye nyota, pepo na umbali wa bandari, vilivyoitwa rahmani, neno linalorudi kwenye Kiajemi kwa maana ya kitabu cha njia. Kwetu likawa mchoro wa nchi, kisha mchoro wa nyumba, kisha mchoro wa kitu chochote kitakachotengenezwa. Kwa hiyo unda na ramani ni ndugu wa bahari moja waliopotezana. Mmoja alibaki mkononi, mwingine akaenda katika karatasi.

Katika miaka ya 1970 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianza kuchapisha mfululizo wa vitabu vya ramani za boti ndogo za uvuvi kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Kimoja kilihusu boti za kitako bapa. Kingine kilihusu boti za kitako chenye umbo la V, za mbao na za plaiwudi, na toleo lake lililorekebishwa lilitoka mwaka 2004. Kusudi lilikuwa jema na la wakati wake. Magogo makubwa yalikuwa yanakwisha, na boti nyepesi ya plaiwudi ingeweza kuundwa na seremala wa kawaida kwa mbao chache.

Katika nyanda za Kasulu na Kibondo sababu hiyo si nadharia. Misitu ya miombo imepungua kwa kilimo, mkaa na ukataji wa mbao, na kwa mahitaji ya kuni ya watu wengi waliokimbilia usalama. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, na kambi za Kibondo zilipokea Warundi katika miaka ya 1990 na tena kuanzia mwaka 2015. Wengi wa Wakongo hao walitoka Kivu ya Kusini, kwenye fuko za ziwa hilohilo, kwa hiyo lugha ya boti haikuwa ngeni kwao. Mti wa kutosha mtumbwi mmoja huchukua miongo mingi kukua, na gogo zima hutumika kwa kupoteza sehemu yake kubwa katika vipande vya tezo. Plaiwudi hutoka katika miti inayopandwa na kuvunwa. Huko Mafinga, misonobari na mikaratusi ya Sao Hill hulisha viwanda vya namna hiyo.

Plaiwudi ni tabaka nyembamba za ubao zilizogundishwa, nyuzi za kila tabaka zikikatiza za jirani yake, na idadi ya tabaka kwa kawaida ni witiri. Mpishano huo ndio unaoizuia kupasuka. Ubao mmoja huwa na milimita 2,440 kwa 1,220. Ila si kila plaiwudi hufaa majini. Ile ya dari na makabati, iliyounganishwa kwa gundi isiyostahimili maji, hufumuka tabaka kwa tabaka. Tena karatasi ya plaiwudi hukubali kupindwa upande mmoja, haikubali pande mbili kwa wakati mmoja. Fundi wa mbao aliyekosea taruma anaweza kuranda ubao mpaka ukae. Fundi wa plaiwudi aliyekosea hana la kuranda, kwa kuwa karatasi ama itainuka ukingoni ama itapasuka.

Hapo ndipo ramani inapokuwa suala la uhai. Katika mchoro wa kipimo cha moja kwa kumi, kosa la milimita 2 machoni ni kosa la sentimita 2 katika taruma. Ramani inaweza kutoa vipimo vya nje ya ganda au vya ndani ya ganda, na kwa plaiwudi ya milimita 9, kutotofautisha maneno hayo mawili kunabadilisha upana kwa milimita 18. Boti ya mita 4 na nusu huhitaji karatasi mbili ziungwe kwa mkato wa mshazari wa moja kwa nane, yaani kwa milimita 9 za unene, milimita 72 za mwungo. Anayefupisha mwungo huo ili kuokoa ubao huandaa ufa. Kuna pia visanduku vilivyozibwa hewa, ambavyo ramani nyingi za boti ndogo huviweka omo na tezi. Mtumbwi ukijaa maji huelea kwa kuwa ni gogo, lakini boti ya plaiwudi yenye mashine ikijaa maji huzama. Fundi asiyesoma maelezo ya kisanduku hicho hukiona kuwa ni nafasi iliyopotea, akakiacha ili samaki wapate pa kukaa. Siku ya dhoruba kosa hilo la lugha hulipwa na mtu ambaye hakuwahi kuiona karatasi.

Kushona: kilichosahauliwa kinarudi

Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror la Uingereza lilidhamini boti ndogo ya tanga iliyochorwa na Barry Bucknell na Jack Holt, iliyokusudiwa watu wasio mafundi. Vipande vya plaiwudi vilitobolewa kandokando, vikafungwa pamoja kwa waya wa shaba, kisha maungio yakafunikwa kwa utepe wa nyuzi za kioo na gundi. Njia hiyo ilienea duniani na kusifiwa kuwa ubunifu mpya.

Kwa mwanafunzi wa historia ya Uswahilini, neno mpya hapo lina mipaka yake. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kinachoitwa Periplus kinaeleza vyombo vya kushonwa katika pwani hii, na kinahusisha hata jina la mji wa Rhapta na kazi hiyo ya kushona. Mtepe wa visiwa vya Lamu, uliofungwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ulidumu hadi karne ya 20. Watunga mbinu wa mwaka 1963 hawakuiga mtepe, na hakuna haja ya kudai hivyo. La kuzingatia ni kwamba fundi anayefundishwa mbinu hii kwa Kiswahili hahitaji istilahi ya kukopa. Anaambiwa atoboe, ashone, akaze, azibe. Vitenzi vyote vimo, na vinamngoja.

Mtu anaweza kupinga kwamba mafundi wa vijijini hawana mazoea ya michoro. Jibu limesimama kila mtaa wa Kasulu na Kibondo. Mwashi wa miji hiyo hujenga kwa ramani ya nyumba. Anajua msingi, jamvi, linta na kenchi, na anajua mchoro wa mbele na wa ubavuni. Baadhi ya maneno hayo ni ya Kibantu, mengine yametoka Kiingereza yakavaa sauti zetu. Hakuna aliyeuliza asili yake kabla ya kuyatumia. Yalipata nguvu kwa kuwa yalisemwa kila siku kati ya fundi na saidia fundi, na kwa sababu hiyo ramani ya nyumba ilihama kutoka ofisi ya mhandisi hadi mfuko wa mwashi. Ramani ya boti haikupata bahati hiyo. Ilibaki katika lugha ya waliochora, na hata kule Mbegani, Bagamoyo, ambako uundaji wa boti ulikuwa miongoni mwa masomo ya uvuvi, mwanafunzi alilazimika kuvuka mto wa lugha kabla ya kufika kwenye mkuku.

Hitimisho

Historia hii imeonyesha ramani ya chombo ikiingia katika nchi ya Malagarasi kwa sura tatu. Iliingia kama mzigo mabegani mwa wapagazi wa mwaka 1876, kama amri masikioni mwa vibarua wa mwaka 1915, na kama kitabu katika rafu za maofisa wa uvuvi baada ya miaka ya 1970. Katika sura zote tatu mikono ya wenyeji ilikuwapo na maneno yao hayakuwapo. Kwa upande mwingine, ufundi wa kuunda uliopanda kutoka pwani bila karatasi yoyote uliota mizizi ziwani, kwa kuwa ulikuja umefungwa ndani ya lugha.

Kutokana na hayo, kazi iliyo mbele ya wataalamu wa Kiswahili si ndogo wala si ya mapambo. Ramani za boti ndogo zinapaswa kuandikwa upya kwa Kiswahili, zikitumia mkuku, taruma, omo, tezi na hanamu pale maneno hayo yanapotosha, na zikikopa plaiwudi na milimita pale yasipotosha. Uandishi huo ufanyike karakanani, mbele ya mafundi watakaozitumia, kwa sababu istilahi isiyopita mkononi mwa fundi hubaki kamusini. Ramani haitaliondoa jicho lililofunzwa. Fundi anayejua kugonga ubao na kusikiliza atakuwa msomaji bora wa mchoro kuliko asiyejua.

Miti mikubwa ya mtumbwi haitasubiri. Ikiisha kabla maneno hayajafika, mvuvi wa mabwawa ya Kibondo atabaki kati ya gogo ambalo halipo na karatasi ambayo haisemi naye. Maneno yakifika mapema, seremala wa Kasulu anayetengeneza milango leo ataweza kutandika ramani juu ya benchi lake, akakata taruma la kwanza, na akamweleza mwanafunzi wake kwa nini kisanduku cha hewa hakiachwi. Hapo fundi na fundisha yatakuwa yamerudi kuwa kazi ya mtu mmoja, kama shina lake linavyotaka.